Chumba cha Juu, Bure

Halimah alipanda meli ya kwenda visiwani pale Jinja na hina mbichi mikononi kama bibi harusi, wakati ndoa yake ilishaanza kuota mvi.

Hina ilikuwa wazo la Madinah, jirani yake wa Mpumudde. Madinah hajawahi kukanyaga meli, ila amesikiliza watu waliokanyaga, na kwake hiyo ilitosha kufungua chuo.

"Sikiza," alimwambia huku akimchora. "Kupandishwa chumba cha juu bure ni bahati, lakini bahati nayo husukumwa na kiwiko. Fika mapema. Vaa vizuri. Usigombane na mtu. Halafu waambie mko fungate."

"Fungate! Na kiuno hiki?"

"Kiuno hakiandikwi kwenye tiketi."

Walicheka mpaka ua moja la hina likaenda upande.

Tiketi aliyoimudu Halimah ilikuwa ya chumba cha chini, hakina dirisha, kina dabodeka: mmoja alale juu, mwingine chini, kama wanafunzi wa bweni. Vyumba vya juu vina kitanda kimoja kipana. Na Ashiraf, mumewe, alikuwa na mwaka mzima akija nyumbani analala mkekani sebuleni. Alisema ni mgongo. Siku nyingine alilala Mbale, kwenye stoo yake ya mahindi kule Nabuyonga. Huko mgongo ulikuwa unasemaje, sijui.

Kulala ziwani mara mbili, kitanda kimoja, mlango umefungwa, hakuna mahindi. Halimah hakuomba zaidi ya hapo. Mtu akikuangalia kwa karibu vile, aliwaza, labda atakumbuka alikupendea nini.

Ashiraf hakukataa safari. Tena alichangamka. Aliuliza meli inarudi lini, na kesho yake akauliza tena, yeye ambaye husahau hata sikukuu. Alimfungia sanduku kwa mikono yake mwenyewe, akatia na sweta. Na asubuhi ya safari akapiga simu: "Tangulia. Mimi natoka Mbale moja kwa moja, nitakukuta ndani."

Mapokezini alisimama bwana mmoja wa shati jeupe, mabegani ana mistari ya dhahabu. Halimah akasimama wima bila kujijua.

"Afande, shikamoo."

"Mimi si afande, Hajati. Mimi ni Shafik wa vyumba. Hata panya wa humu hawaniogopi."

Basi Halimah akaweka mikono juu ya meza, hina ionekane vizuri. "Bwana Shafik, sisi tuko fungate."

Shafik aliitazama hina. Akamtazama usoni. Ana adabu zake, kiuno hakukitazama.

"Na bwana harusi?"

"Yuko njiani."

"Mama, nikwambie ukweli. Melini kila mtu yuko fungate. Safari iliyopita nilikuwa na babu na bibi wamekuja na wajukuu, nao fungate. Chumba cha juu kikibaki kitupu, tunampandisha mtu bure. Lakini leo tumejaa. Jina?"

"Halimah. Mke wa Ashiraf, wa mahindi."

Shafik alisita. Tabasamu likamfifia usoni polepole. Akarudisha kadi ya mlango aliyokuwa ameishika, akachukua nyingine.

"Panda juu, mama. Kina dirisha."

"Bure?"

"Hulipi kitu."

Halimah alipanda ngazi akizuia miguu isikimbie. Kitanda kilikuwa kipana kuliko alivyoota, shuka nyeupe zimenyooshwa mpaka unaona haya kukaa. Akaweka mito miwili pamoja. Akaitenganisha kidogo, isije ikaonekana ana njaa. Akairudisha.

Akampigia Ashiraf. Simu imezimwa. Njia ya Mbale nayo, alijisemea, mtandao wake ni wa kubahatisha. Akapiga tena. Akajipaka manukato. Akapiga tena.

Honi ya meli ilipolia, sakafu ikatetemeka chini ya miguu yake. Akashuka mbio mpaka mapokezi.

"Bwana Shafik, waambie wasubiri! Mume wangu hajafika!"

"Kamba zimeshafunguliwa, mama." Shafik alizunguka meza akaja kusimama karibu naye. "Tena nilikatazwa kusema, lakini naona nikwambie. Kile chumba sikukupa kwa sababu ya hina. Mumeo alipiga simu jana. Amekilipia yeye. Akasema upewe kizuri kuliko vyote."

Halimah akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, analia, anacheka, havijulikani kimoja na kingine. Kumbe! Mwaka mzima mkekani, na yeye alikuwa anakitaka kitanda kile kile.

"Amechelewa tu," alisema. "Njia mbaya ile. Atakodi boti atufuate visiwani. Hamumjui Ashiraf, huyo."

Shafik aliangalia nje, maji yalivyokuwa yanapanuka kati yao na gati.

Simu ikalia. Alikuwa Madinah. Halimah akaipokea kwa kelele, watu wakageuka.

"Banange, jamani, Madinah! Funga chuo chako! Hina yako haikufanya kazi yoyote, ni Ashiraf mwenyewe, ni Ashiraf aliye—"

"Ashiraf yuko hapa," Madinah alimkatiza. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Halimah, mbona hukuniaga kama mnahama? Lori limeshajaa, nyumba imebaki kuta, na mumeo anauliza ufunguo amwachie nani."