Kava la Mzee Bartholomeo

Mzee Bartholomeo aliivisha simu kava lake la kahawia, ikagoma kuingia. Akaigeuza, akajaribu tena, kisha akamrudishia Anord, mchumba wa binti yake.

"Siyo hii, mwanangu."

Anord alitamani kulia. Alitoka nayo Chunya kwenye vumbi mpaka Nyololo kwenye ukungu, ikiwa ndani ya boksi, hata ile plastiki ya kioo hakuibandua.

"Baba, hii ndiyo mpya kabisa. Tanzania nzima hakuna inayoizidi."

"Ipo inayokuja." Mzee akapitisha kidole kwenye tundu la kava. "Ona mwenyewe. Kamera zake zimelala, zako zimesimama. Na huku pembeni kuna kitufe. Yako hainacho."

Mzee mwenyewe alikuwa na simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, na kazi yake kubwa ilikuwa kumulika njia ya zizini.

Wa kulaumiwa alikuwa Yotamu, mshenga. Ng'ombe wa mahari walishapokelewa. Blanketi la bibi lilishapokelewa, na mama mkwe alishavaa kitenge chake kanisani mara kadhaa. Likabaki koti la baba tu. Mzee akasema makoti anayo, yeye apewe simu mpya kabisa. Yotamu, ulanzi ukiwa umemkolea, akajibu, "Hilo dogo!" Mshenga mwenye akili angetaja simu kwa jina. Sasa Anord alikuwa amekataliwa simu ya tatu, kila mara kwa kava jingine, na mzee alishasema wazi kwamba bila hiyo simu mpya binti yake Jackline hatoki.

Walipofika barabarani kusubiri basi, Anord akamgeukia mshenga wake.

"Ni wewe unayempa hayo makava."

"Mimi? Haki ya Mungu!" Yotamu akaruka. "Nitayatoa wapi? Hayo wanayatengeneza Wachina kabla simu yenyewe haijatoka. Mimi nalima viazi, bwana!"

"Basi kuna mwanaume anamtaka Jackline. Ananichimba chinichini."

"Hapo sasa ndipo pa kuangalia," Yotamu akasema, akashukuru moyoni kwamba mazungumzo yamehama.

Kesho yake Anord akapitia Mbeya, mtaa wa Soweto, kwenye banda la Jackline. Alimkuta amefungua simu ya mteja, anabadilisha kioo.

"Pole jamani," Jackline akasema baada ya kusikia yote. "Baba naye!" Akamsogezea kiti, akamwagizia chai na chapati.

"Kuna mtu anamtia maneno. Nikimkamata nitamsaga kwenye karasha pamoja na mawe ya dhahabu."

"Usiseme hivyo. Kunywa chai."

Anord akanywa. Chai ikamrudishia matumaini.

"Lakini safari hii nimewaweza. Inatoka wiki hii, na jamaa yangu ameshaniagizia. Jumamosi iko Nyololo."

"Una uhakika ni yenyewe?"

"Kamera zimelala, kitufe kipo pembeni. Picha zimejaa mtandaoni."

"Basi hapo baba hana pa kutokea," Jackline akasema.

Anord akacheka kwa mara ya kwanza tangu Nyololo. Akatazama banda lote, kuanzia chaja zilizoning'inia hadi kibao cha bati chenye jina la Jackline kwa rangi nyekundu.

"Na hili banda uanze kutafuta wa kumwachia. Mke wangu hawezi kukaa barabarani anauza vioo. Chunya kuna nyumba nzima inakusubiri. Utapika, utapumzika."

"Sawa," Jackline akajibu, akaendelea kukaza skrubu.

Anord akamuaga, akaondoka anapiga mluzi.

Jackline akamaliza ile simu, akajifuta mikono, akavuta chini ya meza boksi lililofika asubuhi kutoka Kariakoo. Lilikuwa limejaa makava ya simu ambayo watu walikuwa bado wanaikisia tu. Kamera zake zilikuwa za duara, katikati kabisa ya mgongo. Akachagua la kahawia, akalifunga kwenye gazeti, akalipeleka kwa kondakta wa basi la Iringa.

"La Nyololo, kwa mzee, kama siku zote," akasema. "Mwambie lile jingine alitupe. Anord anakuja na simu yake Jumamosi."