Mguu wa Zawena

Siku hizi diski za breki huukariri mguu wa dereva wake, zikabana kwa mtindo wake hata akiendesha mwingine. Marehemu mke wangu, Zawena, aliiogopa kona ya mwisho ya uwanja wa mbio za magari. Tangu nilipoanza kuliendesha gari lake, kila nikiikaribia kona hiyo lilipunguza mwendo lenyewe, mapema, kama yeye.

Juzi fundi Kiangi alinionyesha nyufa kwenye diski hizo. "Kaka, hizi zitakuua. Nikufungie diski mpya za matundu au za mifereji?"

"Zipi zinashika mapema, kama shemeji yako?"

"Mpya hazimjui mtu, kaka."

Nikachagua za mifereji. Kwenye kona ile nilichelewesha mguu kwenye breki makusudi, nikimsubiri Zawena. Gari nalo likawa linanisubiri mimi.