Shangazi Watatu wa Arvid

Jolene Bakke aliandika majina ya shangazi watatu wa mzee Arvid kwenye orodha ya washukiwa: Aino, Helmi, Impi.

Shangazi wenyewe walishafariki zamani. Arvid Niemi alikuwa amezipa majina yao nyuzi alizoandika, wale vibarua wasioonekana wanaopokezana zamu ndani ya programu. Katika ofisi yao ya Duluth kila mtu alibatiza nyuzi zake apendavyo. Jolene alikuwa na uzi mmoja tu, wenye jina la paka wake, Tofi.

Programu yao iliongoza magari ya kuondoa theluji mjini, na wiki nzima ilikuwa inakwama. Uzi mmoja ulikuwa ukiwaamsha wenzake bure, zamu zikibadilika maelfu ya mara na kazi haisogei. Bosi alishasema: mwenye uzi huo ataaga kazi Ijumaa.

"Skripti yangu, hii programu ndogo ya uchunguzi, itahesabu nani anamwamsha nani," Jolene alisema. "Leo shangazi zako wataumbuka, mzee."

"Waumbuke tu, binti. Hawakuwahi kutulia hata walipokuwa hai." Arvid alivuta kiti. "Mbona umeorodhesha hao watatu peke yao?"

"Ndio wakongwe. Nikifuatilia nyuzi zote, mashine italemewa."

Arvid alimtazama, akalitazama na tumbo lake lililogusa meza.

"Mtoto lini?"

"Machi. Bima ya matibabu ya hapa kazini ikinivusha salama, namshukuru Mungu."

"Na Tofi hajambo?"

"Analala kutwa, yule."

"Haya." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mstari wa tano umesahau kufunga mabano. Haitaenda hivyo."

Jolene alifunga mabano, ikaenda. Kati ya wale watatu, Aino aliongoza kwa kuwaamsha wenzake.

Bosi hakuuliza zaidi, akamwachisha Arvid kazi. Arvid hakubisha. Ijumaa alileta mkate wa iliki aliouoka mwenyewe, akamkatia kila mtu kipande, hata bosi. Kiti chake kizuri cha kupumzisha mgongo alimsogezea Jolene, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake aliandika: "Ukikwama."

"Barua ya mapenzi hiyo," mmoja alitania.

Jolene alicheka, akaitia kwenye droo.

Jumatatu theluji ilianguka tangu alfajiri. Uzi wa Aino ulikuwa umeshaondolewa. Kufika saa nne, programu ikakwama vilevile.

Jolene alifungua droo.

Karatasi ya Arvid ilikuwa ripoti ya skripti kama yake, iliyotolewa siku moja kabla ya yake, yenye nyuzi zote arobaini. Aino, Helmi na Impi walikuwa chini kabisa, wamelala. Pembeni kulikuwa na maneno ya penseli: "Mstari wa themanini na nane. Rekebisha kimyakimya, mwanangu."

Mshale ulitoka hapo ukapanda mpaka jina la kwanza kwenye orodha: Tofi.