Taulo Lenye Uzi Mwekundu

Zuhena aliegemeza kidevu kwenye mashine ya kupimia macho, taa ikamchoma jichoni. Mama mkwe wake, Bi Rukiya, alikaa kule mlangoni, amekumbatia mkoba wenye taulo la Zuhena. Taulo hilo lilishonwa uzi mwekundu pembeni, mtu mwingine asije akalitumia akaambukizwa. Tangu jicho lilipoiva, Zuhena alikula peke yake, akalala peke yake, na mwanawe akawa anamsikia tu akilia upande wa pili wa pazia.

"Asubuhi mgongo unakuwaje?" daktari akauliza.

Zuhena alishtuka. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Unakakamaa, daktari. Mpaka jua lipande ndipo naweza kuinama."

"Uvivu huo," Bi Rukiya akadakia.

"Si uvivu, mama. Ni ugonjwa wa viungo, na ndio uliofika mpaka jichoni. Hauambukizi hata kidogo." Daktari akamdondoshea dawa. "Mboni imenasa, haipanuki. Dawa hii itaibandua, tukiwahi. Mgongo nao utapata dawa yake."

Wakangoja. Dawa ikamtiririka Zuhena shavuni, na alipogeuka, chumba kizima kilikuwa ukungu.

"Umesikia, mama? Leo nitambeba mwanangu."

Bi Rukiya akafungua mkoba. Akalichomoa taulo kwa ncha za vidole viwili, akaunyoosha mkono wote, mwili ukibaki nyuma.

"Jifute kwanza," akasema, na taulo likawa linaning'inia kati yao.