Nyusi ya Kushoto

Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, na mke wa mwanawe alikuwa amepiga magoti pembeni, akimpima pua kwa rula.

Jicho moja likafunguka.

"Unanipimia jeneza?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na inzi."

"Inzi wa sentimita ngapi?"

Mkwe mtu, ambaye nyumba nzima ilimwita Fundi, alificha rula mgongoni, akaenda zake jikoni. Nne na nusu. Alizirudia njia nzima zisimtoke kichwani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za nyuso za mashine, zile sanamu zenye mota ndani zinazopepesa macho na kusogeza midomo kama watu. Safari hii maktaba ya watoto ilitaka bibi wa kusimulia hadithi. Alikwishapeleka nyuso mbili za silikoni, na zote mbili zilirudishwa.

"Hawa ni mabibi wa tangazo la sabuni," mkurugenzi wa maktaba alimwambia. "Wanacheka tu. Mimi nataka bibi ambaye mtoto akipiga kelele, anatazamwa mara moja, ananyamaza mwenyewe. Na wa tatu naye asiponiridhisha, nitatafuta fundi mwingine."

Jioni ya siku alipoambiwa hayo, kabla ya mambo ya rula, Fundi alirudi kichwa chini. Mezani, mama mkwe alionja mchuzi, akaweka kijiko. Nyusi yake ya kushoto ilipanda polepole, midomo ikabana kama mfuko uliovutwa kamba, na Fundi akajikuta anaomba radhi kabla hajajua kosa lake ni lipi.

Ndipo alipozinduka. Uso aliokuwa akiutafuta, alikuwa anakula nao kila siku.

Kumwomba ruhusa? Thubutu! Utamwambiaje mama wa mumeo: naomba sura yako nikanyamazishie watoto wa watu? Afadhali kuiba.

Rula iliposhindikana, aligeukia mafuta. Kila baada ya chakula cha mchana alimkalisha mama mkwe kitini na kumkanda uso, taratibu, vidole vikisoma mifupa ya mashavu, vishimo vya chini ya macho, mikunjo ya kando ya mdomo. Akimaliza tu, mbio mpaka karakana yake ya uani, akaibonyeza mikunjo hiyo kwenye udongo wa kufinyangia kabla vidole havijasahau.

Mama mkwe akalainika. "Nyie wenzangu mna wakwe," aliwatambia majirani juu ya ukuta. "Mimi nimepata binti."

Fundi, aliyekuwa karakanani na kichwa cha udongo cha mama huyo huyo mapajani, alisikia kila neno, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Tena likazuka jingine. Kadiri alivyokandwa, ndivyo mama alivyozidi kuwa mpole, na nyusi ikagoma kupanda. Fundi angeichongaje asipoiona? Siku tatu mfululizo akazidisha chumvi kwenye mchuzi, makusudi. Mumewe alikunywa maji mpaka tumbo likawa linacheza kama dumu.

"Una nini wewe siku hizi?" alimuuliza.

"Niko kazini," Fundi alijibu, macho hayabanduki usoni kwa mama mkwe. Siku ya tatu, nyusi ilipanda. Fundi nusura apige vigelegele.

Akatengeneza kalibu kutokana na kile kichwa cha udongo, akamimina silikoni ndani yake, akaigongagonga mapovu yatoke. Ngozi ya kope aliifanya nyembamba ili mota ziweze kuivuta, ya mashavuni akaiacha nene kidogo. Nyusi alizichomeka kwa sindano, unywele mmoja mmoja, siku mbili nzima. Alipoivisha mashine uso na kuiwasha mbele ya mkurugenzi, yule bwana alitoa mikono mfukoni na kuchomekea shati.

"Huyu ndiye," alinong'ona.

Siku ya uzinduzi, mama mkwe ndiye aliyetangulia kuvaa. Fundi alijaribu kila hila. Kuna joto, mama. Watoto wana kelele, mama. Viti vyao vigumu.

"Binti yangu anasifiwa mbele za watu, mimi nibaki kukalia kochi?"

Fundi akamgeukia mumewe amwokoe.

"Mimi simo," mume alisema, akajitia kutafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake.

Maktaba ilijaa. Watoto walikuwa wanavutana mashati, wanapanda viti, wanapiga mayowe. Mkurugenzi akavuta kitambaa kilichoifunika mashine. Bibi wa silikoni akafungua macho, akawatazama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na nyusi yake ya kushoto ikapanda.

Kimya. Hata aliyekuwa akilia aliacha katikati ya kilio.

Mama mkwe aliinuka kutoka kiti cha mbele, mkoba kwapani. Akaisogelea ile mashine mpaka pua kwa pua. Akaitazama pua, akaitazama midomo iliyobana, akaitazama nyusi. Miezi miwili ya mafuta na mapenzi, Fundi alijua, ilikuwa imekwisha hapo hapo mbele ya kadamnasi.

Mama mkwe alirudi taratibu, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "picha yake umeitoa wapi?"

"Picha ya nani, mama?"

"Ya mama mkwe wangu! Miaka kumi na tisa yule mwanamke alinitazama hivyo hivyo, kila nikipakua chakula. Mshukuru Mungu, wewe umebahatika kunipata mimi."