Jina la Kumwita

Ndambuki alishika wembe kwa vidole viwili, akakata uzi wa kwanza. Suruali ilikuwa ya kijani, ya kitambaa kinachovutika, nyembamba kama soksi, na haikuwa yake. Mkewe Ndunge ndiye aliyeishona, jioni baada ya jioni, akitabasamu peke yake kwenye cherehani.

Alifuata mshono wa katikati ya miguu, akabakiza nyuzi chache tu za kudanganya jicho. Mwenye kuivaa akitembea, ingeshika. Akiruka, Machakos nzima ingemwona alivyozaliwa.

Yote yalianza Ndunge alipoombwa kushona mavazi ya onyesho la baleti kwenye ukumbi wa kanisa mjini. Wachezaji wote walikuwa wasichana, isipokuwa mwanamume mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyemkosesha Ndambuki raha. Kila Jumamosi ya mazoezi, Ndunge alibeba themosi ya uji na kichupa cha dawa ya kuchua.

"Dawa ni ya nini?"

"Magoti yake. Yanamsumbua akisharuka."

Magoti yake, eti. Ndambuki alichomelea mageti kutwa kucha, akiinama mpaka mgongo ukalia, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya magoti. Jioni hiyo aliisukuma sahani ya ugali pembeni kwa wivu.

Kule karakana, mwenzake Nzuki aliligeuza jambo hilo kuwa kichekesho cha kila asubuhi.

"Mwanamke wa baleti ni balerina," alisema. "Sasa huyo jamaa tutamuita nani? Balerina dume?"

Mmoja akasema ni balerino. Mwingine akasema Bwana Soksi, na mafundi wakacheka hadi kazi ikasimama. Ndambuki alicheka kuwashinda wote, na jina hilo akalibeba mpaka nyumbani.

"Huyo Bwana Soksi wako hajambo?"

Ndunge hakuinua macho. "Anaitwa mchezaji, basi. Na mimi niko na jina langu la kumwita."

Jina lake la kumwita. Ndambuki alijaribu moyoni kila jina tamu alilolijua, na kila moja lilimchoma.

"Nitaenda Muthetheni nimwambie baba yako hiyo kitu unafanya huku."

Hapo ndipo Ndunge alipoangua kicheko, mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. "Enda umwambie."

Kicheko hicho kilimuumiza zaidi, kwa sababu Ndambuki hakuwa mtu wa kumtaja baba mkwe ovyo. Alimheshimu Mzee Bartholomew kama Mkamba anavyopaswa kumheshimu baba wa mkewe. Akifika kwake alisimama nje ya ua, akakohoa, akangoja mpaka mzee avae koti. Kumwona baba mkwe na fulana tu ilikuwa aibu ya kulipiwa mbuzi. Zaidi ya hapo, hakukuwa na mbuzi wa kutosha. Hata hivyo alijikaza, Jumamosi moja akampigia simu. Mzee hakupokea.

Wiki ya onyesho, Ndunge alimjia kwa upole, karibu kulia.

"Baba Mumbua, tafadhali, hiyo siku usikuje. Si mahali pako. Ameniapisha nisikwambie kitu, lakini kuja usikuje."

Kumbe wamefika mahali pa kuapishana. Ndambuki alingoja mkewe aende sokoni, akatafuta wembe.

Siku yenyewe ilipofika alivaa shati la Krismasi. Aliwaita mafundi wote wa karakana, akawaketisha mstari wa mbele, mahali pa kuona vizuri. Ndunge alichungulia pembeni mwa pazia, akamwona, akashika mdomo. Ndambuki akampungia mkono. Kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze, roho yake ilitulia.

Muziki ukaanza. Wasichana wakaingia kwa ncha za vidole, wakazunguka, kisha wakatawanyika pande mbili. Katikati akabaki mwanamume mrefu, mwembamba, amewapa watu mgongo, taji kichwani, suruali ya kijani imembana barabara. Alipoinua mkono mmoja, polepole, ukumbi mzima ulinyamaza. Hata Ndambuki alikiri kimoyomoyo kwamba jamaa alijua kusimama, na wivu ukamrudia upya. Ruka, alimwomba. Ruka tu.

Nzuki akampiga kiwiko. "Ndiye huyo. Haya, leo tumpe jina. Tunamuita nani?"

Mwanamume akageuka. Chini ya taji palikuwa na mvi.

Ndambuki alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Baba," alisema.

Jukwaani, mzee Bartholomew wa Muthetheni alikunja magoti, tayari kuruka.