Harusi ya Siku ya Fainali

"Mshikeni vizuri," Mathios aliwaambia wapwa zake. "Akitoroka huyu, nitawaozesha nyinyi."

Basi vijana wawili wenye mabega kama milango wakamweka Fotis katikati, mbele ya kanisa, yeye na suti yake na shada lake la maua. Bwana harusi hakupinga. Alikuwa fundi miwani kutoka mjini Rethymno, mtu mwembamba, mpole, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Mathios alimdharau tangu siku ya posa. Yeye alikuwa mfugaji na mtengeneza jibini, na katika kijiji kizima hapakuwa na mtu aliyeuchukia mpira kama yeye. "Watu wazima ishirini na mbili wanagombea ngozi," alizoea kusema. "Kondoo wangu wana akili zaidi. Ngozi wanayo, na hawaigombei."

Kumbe mkwe aliyeletewa ni mgonjwa wa hiyo ngozi! Muda mfupi kabla ya Pasaka alimfuma kibarazani, amefumba macho, anakariri mabingwa wa Ulaya kama mtoto anayefundishwa Baba Yetu.

"Sitini, Paris, Wasovieti. Sitini na nne, Madrid, Wahispania. Sitini na nane, Roma, Waitalia, baada ya mechi kurudiwa. Sabini na mbili, Brussels, Wajerumani. Sabini na sita, Paris..."

"Belgrade," akasema Argyro, binti yake Mathios, huku anamenya maharage. "Wachekoslovakia, kwa penalti."

"Umeona?" Mathios alimfokea Fotis. "Uchumba wa juzi tu, umeshamwambukiza mwanangu!"

Fotis alifungua mdomo, akamtazama Argyro, akaufunga.

Harusi ilikuwa imepangwa tangu majira ya baridi: Jumapili, tarehe nne Julai. Kweli, siku hiyo kulikuwa na fainali ya Kombe la Ulaya huko Lisbon, lakini Ugiriki na fainali wapi na wapi? Timu yao haikuwahi kushinda hata mechi moja katika mashindano makubwa. Mara wakawafunga Wareno, wenyeji wenyewe. Mara wakawatoa Wafaransa. Alhamisi wakawatoa Wacheki, na kijiji kikapiga risasi hewani mpaka alfajiri.

Ijumaa asubuhi Fotis akaja zizini, kofia mkononi.

"Baba, tungesogeza harusi mbele wiki moja tu..."

"Kisa?"

"Fainali, baba."

"Nani kakutuma?"

Fotis akaizungusha kofia, masikio yamemwiva.

"Hukutumwa. Mpumbavu hujituma mwenyewe," alisema Mathios. "Sikiliza, bwana mdogo. Mimi nilioa moto ukiwaka bondeni, na sikusogeza hata saa moja. Jumapili, saa mbili usiku. Usipotokea, nitakufuata huko huko Lisbon."

Siku hiyo hiyo Argyro alihamia kwa shangazi yake Evanthia, jirani na kanisa, kwani kwa mila ya ukoo wao baba hamwoni bibi harusi mpaka saa ya kumkabidhi. Alibeba sanduku la gauni. Alimbusu baba yake mashavu yote mawili, akalia. Mathios akaridhika sana. Mwali asiyelia, aliwaambia majirani, ana lake jambo.

Sasa saa mbili ilikuwa imepita. Saa tatu nayo ikapita. Wageni walikuwa wanachomoka mmoja mmoja, eti wanakwenda kujisaidia, na wote msala wao ulikuwa upande mmoja: kwa Pandelis, muuza kahawa, ng'ambo ya uwanja wa kanisa, mwenye televisheni. Mathios aliwatazama akatema mate.

Shangazi Evanthia alichungulia dirishani. "Bado anapambwa!"

"Apambwe taratibu!" Mathios alimjibu kwa sauti, wote wasikie. "Mwanamke wa ukoo wetu hapelekwi mbio na mpira!" Kisha akamgeukia Fotis. "Unavuja jasho, bwana harusi. Roho yako yote iko Lisbon, sivyo?"

"Ndiyo, baba," Fotis alisema polepole. "Lakini mimi nipo hapa."

"Upo kwa sababu umeshikwa."

Ghafla kelele zikalipuka kwa Pandelis. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani. Mathios alitazama nyuma yake: hata padri hakuwepo tena. Hapo damu ikamchemka. Alichomoa kisu alichovaa kiunoni kwa ajili ya harusi, akavuka uwanja wa kanisa kwenda kuukata waya wa televisheni.

Aliwakuta wageni wake wote, wamebanana kama dagaa, padri mstari wa mbele na joho lake.

"Mijitu mizima!" alinguruma. "Mmeiacha ndoa takatifu mkaja kukodolea macho wavulana wenye kaptura! Aibu hamna? Mama zenu waliwazaa au waliwaokota?"

Wimbo wa taifa ulikuwa umeanza. Picha ilipita juu ya nyuso za wachezaji, ikapanda majukwaani, ikaogelea katikati ya bendera za buluu na nyeupe, kisha ikatulia mahali pamoja. Mtu mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akageuka kumtazama Mathios, halafu wote.

Mathios akainua macho kwenye televisheni, kisu hewani.

Argyro alikuwa amesimama juu ya kiti ndani ya gauni lake la harusi, mashavu yamepakwa buluu, anaimba mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na mikononi ameinua bango la kitambaa: "Fotis, simama hapo hapo. Narudi kesho."